Wanaowatungia Mashujaa wa Wengine

Ni wachache miongoni mwetu, wavaao sare na wasiovaa, ambao hawajapata kumwona, katika kitabu cha katuni au kwenye sinema, mtu arukaye angani pasipo ndege, ama askari azuiaye risasi kwa ngao ya duara. Mashujaa hao ni mali ya kampuni kubwa za Marekani, na wapo watu walioajiriwa kuwatungia visa. Lakini nje ya kampuni hizo wako watu wengine wengi, wanafunzi, wauguzi, makarani, hata askari, ambao baada ya kazi ya kutwa huketi na kuwatungia mashujaa hao hao visa vipya. Hawalipwi. Shujaa si wao, jina si lao, wala sheria ya hakimiliki haiwapi ruhusa ya kumfanyia biashara. Hata hivyo huandika, na wengine huandika hadithi ndefu kuliko kitabu kizima.

Ni nini kiwasukumacho? Jibu jepesi ni kwamba wanampenda shujaa. Jibu hilo si uongo, ila halitoshi, kwa kuwa mtu apendaye ngoma huenda kuitazama, si lazima atengeneze nyingine. Sisi twaona kwamba mtu hushika kalamu pale kisa kinaponyamaza juu ya jambo linalomgusa yeye mwenyewe.

Msomaji aliyelelewa Buganda hatashangaa. Wazee husimulia habari za Kibuuka wa Visiwa vya Ssese, aliyemsaidia Kabaka Nakibinge vitani dhidi ya Bunyoro kwa kupaa hadi mawinguni na kuwapiga adui kutoka juu. Alionywa asijihusishe na wanawake wa upande wa adui. Hakusikia. Mateka mmoja akaijua siri yake, akatoroka, na wapiga mishale wa Bunyoro wakaelekeza mishale yao kwenye wingu. Kila msimulizi aliyekipokea kisa hicho amekiongezea kitu. Huyu ataeleza kwa urefu maonyo, yule ataeleza alivyotoroka yule mwanamke. Hakuna aliyewashtaki kwa kuiba shujaa wa mtu.

Turudi Marekani. Mwaka 1932, katika mji wa Cleveland, wezi waliingia katika duka la nguo la mhamiaji mmoja, Mitchell Siegel. Mzee huyo alianguka na kufa kwa moyo papo hapo. Mwanawe, Jerry, alikuwa kijana wa shule, mpenzi mkubwa wa hadithi za kubuni za kisayansi, na pamoja na rafiki yake Joe Shuster alikuwa akitoa kijarida chao wenyewe kilichopigwa kwa mashine ya kudurufu. Katika kijarida hicho, mwaka 1933, lilitokea kwa mara ya kwanza jina la Superman, naye wakati huo alikuwa mtu mwovu. Baadaye vijana hao wakamgeuza akawa mlinzi wa wanyonge, mtu asiyepenywa na risasi. Alipotoka katika kitabu cha katuni mwaka 1938 walikuwa wamekwisha kuiuzia kampuni haki zao zote kwa dola 130. Jerry Siegel hakuzoea kukihusisha hadharani kifo cha baba yake na shujaa wake, na wapo wanaoona si haki kumsemea. Lakini polisi yeyote aliyewahi kufika dukani baada ya wezi kwisha kuondoka, akawakuta jamaa wamesimama pale, anajua ni mlinzi wa namna gani ambaye kijana kama yule angetamani awe amewahi kufika.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wetu ni ule wa Captain America. Walimbuni Joe Simon na Jack Kirby, na kitabu chake cha kwanza kikaanza kuuzwa mwezi Desemba 1940, mwaka mzima kabla Marekani haijaingia katika Vita Kuu ya Pili. Jaladani shujaa anampiga Hitler ngumi ya taya. Simon alisimulia baadaye kwamba vitisho vilivyoletwa na watu waliowaunga mkono Wanazi vilikuwa vikali, hata polisi wakawekwa kuilinda ofisi yao.

Ni nani huyu Captain America? Ni kijana Steve Rogers, mwembamba, dhaifu wa mwili, aliyekwenda kujiandikisha jeshini akakataliwa. Kisha akapewa dawa maalumu, akawa na nguvu zipitazo za watu wengine. Tuliopata kusimama katika mstari wa kuandikishwa, tukipimwa kifua na kutazamwa meno, hatuhitaji kufafanuliwa kwa nini kisa hicho kiliwaingia vijana moyoni.

Katika toleo la tatu, la mwaka 1941, kulikuwa na kurasa mbili za maneno matupu zilizohitaji kujazwa. Kazi hiyo akapewa kijana msaidizi wa ofisini, Stanley Lieber, ambaye hakuwa amefikisha miaka ishirini. Akaandika kisa kifupi juu ya shujaa ambaye hakumbuni yeye, akatia sahihi ya Stan Lee, na humo akamfanya Captain America aitupe ngao yake kama silaha. Hadi leo ngao hiyo hutupwa. Kijana wa kutumwa alitazama kifaa cha kujikinga akajiuliza: je, hakiwezi kufanya kazi nyingine? Huo ndio mwanzo wenyewe wa namna hii ya uandishi.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba kila aandikaye huongozwa na mawazo mazito. Mwaka 1965 mtoto wa miaka 13 wa Pittsburgh, Jim Shooter, mwana wa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, aliandika na kuchora visa vya mashujaa wa kampuni iliyokuwa na Superman, akavipeleka kwa posta. Nyumbani kwao fedha zilikuwa haba, naye aliona visa vilivyokuwa vikitolewa wakati ule ni dhaifu na kwamba angeweza kuvishinda. Kampuni ikavinunua. Njaa nayo hufundisha kuandika.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuichague mada hii. Jack Kirby mwenyewe aliitwa jeshini mwaka 1943. Mwaka 1944 alifika Normandy, Ufaransa, akiwa askari wa miguu katika Jeshi la Tatu la Jenerali Patton. Kwa masimulizi yake, afisa mmoja aligundua kuwa ndiye mchoraji wa Captain America. Kirby akapewa kazi ya kutangulia mbele ya kikosi, kuingia vijiji ambavyo adui huenda bado yumo, na kuchora ramani. Alikwenda. Majira ya baridi miguu yake ikaharibika kwa baridi kali, nusura ikatwe, akalazwa hospitali Uingereza. Alirudi kwao mwaka 1945 akiwa askari wa cheo cha chini.

Karibu miaka ishirini baadaye, mwaka 1964, Kirby na Stan Lee walimrudisha Captain America, ambaye vitabu vyake vilikuwa vimekoma. Walieleza kwamba mwishoni mwa vita alikuwa ametumbukia baharini, akaganda katika barafu, akahifadhika hai. Anapozinduka, jina analoita kwa sauti ni la Bucky. Huyo alikuwa msaidizi wake wa zamani, kijana yatima aliyelelewa kambini. Twaambiwa kuwa Bucky alikufa siku ile ile, katika ndege iliyotegwa bomu, na Captain America hakuweza kumwokoa. Lee alikwisha kukiri kwamba hakuwapenda wasaidizi watoto katika hadithi za mashujaa, kwa hiyo alitaka Bucky aondoke. Sababu yake ilikuwa ya kiofisi tu. Lakini kalamu ilikuwa mikononi mwa mtu aliyetembea mbele ya kikosi chake huko Ufaransa, na uso aliomchorea yule askari aliyezinduka hauonyeshi furaha ya kuwa hai.

Kifo hicho hakikuonyeshwa kikamilifu. Hapakuwa na maiti, hapakuwa na mazishi. Kwa miaka arobaini wapenzi wa katuni walikuwa na mzaha kwamba katika vitabu hivyo kila afaye hufufuka, isipokuwa Bucky na wengine wachache. Mmoja wa waliosoma habari hizo utotoni ni Ed Brubaker, mtoto wa afisa wa upelelezi wa jeshi la majini, aliyeishi sehemu ya utoto wake katika kambi ya Guantanamo, Cuba. Amesimulia kwamba tangu hapo hakuridhika na namna Bucky alivyoondolewa. Mtoto wa kambini huzijua nyumba ambazo baba hutazamiwa na hafiki. Brubaker alipokua akaajiriwa kumwandika Captain America, na mwaka 2005 akalijibu swali lake la utotoni. Bucky hakufa. Aliokotwa na Warusi akiwa amepoteza mkono, akafutwa kumbukumbu, akafanywa muuaji wa siri, akigandishwa katika barafu kila alipomaliza kazi. Captain America anampata mwenzake, naye mwenzake hamtambui.

Kisa hicho kilipofanywa sinema mwaka 2014, waandishi wasiolipwa waliongezeka mno, na ni vema kutazama waliandika nini. Wapo walioandika mapigano, kama kawaida. Lakini wengi waliyaacha mapigano yalipo, kwa kuwa sinema ilikwisha kuyaonyesha vya kutosha, wakaandika yale yafuatayo. Bucky anajifunza kwenda sokoni bila kutafuta njia ya kutokea. Bucky anaamka usiku asijue yuko nchi gani. Rafiki yake anakaa upande wa pili wa mlango, hasemi neno, anangoja. Visa hivyo havina adui wa kupigwa, na pengine ndiyo sababu kampuni isingevichapa.

Ndani ya sinema hiyo hiyo mnakutana Steve Rogers na Sam Wilson, shujaa Mmarekani mweusi aliyeanza kuonekana vitabuni mwaka 1969. Katika sinema Wilson ni askari wa zamani wa uokoaji, aliyempoteza mwenzake vitani, na sasa anafanya kazi ya kuwasikiliza askari waliorejea. Wawili hao wamemaliza kukimbia asubuhi. Hawazungumzi habari za nguvu wala za ngao. Wanazungumza juu ya kitanda, jinsi kitanda cha nyumbani kinavyokuwa laini mno kwa mtu aliyezoea kulala chini, hata asipate usingizi. Mazungumzo yenyewe hayafiki dakika mbili, kisha kisa kinaendelea na shughuli zake. Juu ya dakika hizo mbili watu wameandika kurasa zisizohesabika.