Jokofu Litoalo Maji na Barafu: Uwezo Wake na Mipaka Yake

Miongoni mwa majokofu yatumiwayo siku hizi yamo yale yenye kinywa mlangoni, kitoacho maji baridi na vipande vya barafu bila mlango kufunguliwa. Mtumiaji husukuma kikombe kwenye kibonyezo, na kinywaji hupatikana papo hapo. Urahisi huo umezaa dhana kwamba maji yaliyopita katika jokofu yamekwisha kusafishwa. Dhana hiyo si sahihi, na katika ukanda wa Shinyanga na Geita yaweza kudhuru afya. Ili kuelewa sababu, yafaa kufuata safari ya maji ndani ya chombo hicho.

Safari ya maji

Maji huingia nyuma ya jokofu kwa mpira mwembamba uliounganishwa na bomba la nyumba. Kwanza hukutana na vali inayofunguliwa na sumaku ya umeme. Kisha hupita katika kichujio, na hapo hugawanyika njia mbili. Sehemu moja huenda katika tangi dogo lililomo kwenye chumba cha baridi na kungoja kunywewa. Sehemu ya pili huingia katika kisanduku cha kugandishia, ambamo baridi hufikia nyuzi 18 hivi chini ya sifuri za Sentigredi. Barafu ikishakuwa ngumu, katika majokofu mengi hita ndogo huyeyusha ngozi yake ya nje, na vidole vya plastiki huisukuma hadi kwenye ndoo ya akiba.

Kazi hiyo hudai nishati nyingi. Kupoza kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 25 hadi sifuri huhitaji kuondoa kilojuli 105 za joto. Lakini kuyageuza maji hayo ya nyuzi sifuri yawe barafu huhitaji kuondoa kilojuli 334 zaidi. Hilo ndilo joto fiche. Ndiyo maana jokofu jipya laweza kuchukua siku nzima kabla ya kutoa barafu ya kutosha.

Kanieneo na tangi la juu

Vali ya jokofu hutegemea kanieneo, yaani kani ya maji juu ya kila kipimo cha eneo. Watengenezaji wengi hutaka isiyopungua paskali 140,000 hivi. Nyumba nyingi hutegemea tangi lililoinuliwa juu ya mnara mfupi au dari. Tangi lililo mita 4 juu ya jokofu hutoa kanieneo ya 1,000 × 9.8 × 4, yaani paskali 39,200 tu. Ili kufikia kiwango kinachotakiwa, tangi lingepaswa kuwa juu kwa mita 14 hivi.

Matokeo ya upungufu huo ni mawili. Vipande vya barafu huwa vidogo au vyenye uwazi katikati, na vali, ambayo husaidiwa na maji yenyewe kujifunga, huvuja matone. Matone hayo huganda na kuziba njia. Penye tangi fupi, hufaa jokofu lenye chombo cha ndani kinachojazwa kwa mkono, au pampu ndogo ya kuongeza kanieneo.

Kichujio huondoa nini?

Kichujio cha kawaida cha jokofu kina mkaa maalumu wenye vitundu vidogo visivyohesabika. Mkaa huo hunasa klorini, harufu na baadhi ya takataka, na hivyo maji huwa na ladha nzuri. Hata hivyo, kwa kawaida hauui viini vya maradhi. Aidha, ukishaiondoa klorini, maji yanayobaki ndani hayana tena kinga, na viini vyaweza kuzaliana humo. Baridi nayo haiviui vyote. Viini vya homa ya matumbo vyaweza kuishi ndani ya barafu na kuamka inapoyeyuka.

Chumvi zilizoyeyuka nazo hupita. Hapa ndipo jiografia ya eneo inapoingia. Tangu mwaka 2009 miji ya Shinyanga na Kahama hupata maji ya Ziwa Victoria yavutwayo Ihelele, wilayani Misungwi, na kusafishwa kabla ya kusambazwa. Lakini wako wanaotegemea visima, na wengine hujaza matangi yao kwa maji ya kisima bomba linapokauka. Baadhi ya visima vya Mkoa wa Shinyanga vina floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floridi ikizidi huyapaka meno ya watoto madoa ya kahawia, na kwa miaka mingi huweza kudhuru mifupa.

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita ipo hatari nyingine. Dhahabu ya miamba ya kale mara nyingi huandamana na arsenopiraiti, madini yenye chuma, salfa na arseniki. Watafiti wamekuta arseniki katika baadhi ya maji ya eneo hilo. Sumu hiyo haina rangi wala harufu, na kiwango cha Shirika hilo ni miligramu 0.01 tu kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, wala hakuondoi floridi. Mvuke unapotoka, chumvi hubaki katika maji machache zaidi. Kwa floridi, Kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimetumia mkaa wa mifupa, ambao ni tofauti na mkaa wa jokofu. Basi maji ya kisima yapimwe katika maabara kabla ya kuunganishwa na jokofu.

Matunzo

Kabla ya kusafisha, umeme ukatwe na vali ya maji ifungwe. Kinywa kipanguswe kwa kitambaa safi kila wiki, na ndoo ya barafu ioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, kisha ikaushwe. Kichujio kibadilishwe kila baada ya miezi 6, au mapema zaidi mtiririko ukipungua. Kikishabadilishwa, lita 10 hivi za kwanza zimwagwe, pamoja na barafu ya mwanzo. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, barafu iliyoyeyuka na kugandamana itupwe. Jokofu liachwe dakika chache kabla ya kuwashwa tena, ili kanieneo ya gesi ndani ya mabomba yake ilingane.

Jaribio la darasani

Maji yachanganywe na rangi ya chakula na kuwekwa ndani ya gudulia la plastiki katika sehemu ya kugandishia. Nusu yake ikishaganda, barafu itolewe. Wanafunzi wataona kwamba barafu imepauka na maji yaliyobaki yamekolea. Fuwele za barafu hujengwa kwa molekyuli za maji na husukuma nje vitu vingine. Lakini katika jokofu kipande chote huganda, na vilivyosukumwa hukwama katikati yake. Basi barafu haiwezi kuwa safi kuliko maji yaliyoifanya.