Jiko la Kuazima

Usiku wa Alhamisi moja ya mwezi wa Oktoba mwaka 2008, katika barabara ya Mission mjini San Francisco, mpishi mmoja wa mshahara, aliyezoea kukesha katika jiko la mkahawa wa watu wengine, alipanda gari la kuuzia chakula lisilokuwa lake, alilolikodi kwa usiku ule kutoka kwa wenyewe Waguatemala, akawasha moto na kuanza kuwauzia wapita njia mikate ya kusukuma iliyokunjwa juu ya nyama na mboga. Jina lake ni Anthony Myint, na mwenziwe katika shauri lile alikuwa mkewe, Karen Leibowitz, msomi wa fasihi. Nyama yenyewe ilikuwa ya nguruwe, na kwa kuwa najua wengi katika wasomaji wangu hawatatamani kusikia zaidi juu yake, na nipite. La muhimu ni kwamba watu walijaa hadi njia ya waendao kwa miguu ikazibika, na haukupita muda mrefu gari likawa dogo, ikabidi kutafutwa mahali pengine.

Mahali penyewe palipatikana katika barabara hiyo hiyo, ndani ya mkahawa wa Kichina ulioitwa Lung Shan, ambao usiku ulikuwa na viti vingi kuliko wateja. Wenye mkahawa walikubali kutoa jiko na meza zao Alhamisi, na baadaye Jumamosi pia, kwa ijara ya kila usiku. Shughuli ile iliitwa Mission Street Food, nayo ilikuwa na kanuni moja iliyoifanya kuwa shani: mpishi hakuwa yule yule. Aghalabu alialikwa mpishi mwingine, mara nyingi mmoja wa wale wanaopika chini ya jina la bwana mkubwa katika mikahawa mashuhuri ya mji, akapewa usiku wake kupika lililomkaa moyoni. Kesho yake orodha ya vyakula ilikuwa imekwisha futwa. Usiku mmoja ulikuwa wa kumuenzi mpishi maarufu wa ng'ambo, mwingine wa mapishi ya nchi fulani, na faida ilipelekwa katika sadaka za kuwalisha wasionacho.

Kwa Kiswahili jambo hili halijapata jina moja lililokubaliwa na wote. Wengine husema mkahawa wa muda. Mimi nitauita mkahawa wa zamu, maana muda ni sifa yake ya nje tu, lakini zamu ndiyo roho yake.

Anayetaka kufahamu kwa nini wapishi wa miji mikubwa wameelekea huko, na aihesabu gharama ya mkahawa wa kudumu kabla sahani ya kwanza haijapelekwa mezani. Kuna kodi ya pango, ambayo mwenye nyumba hutaka dhamana ya miaka. Kuna majokofu, majiko, bomba la kutolea moshi, leseni, viti, na mishahara ya watu wanaolipwa hata siku ya mvua asipoingia mtu. Mpishi kijana mwenye mkono mzuri na mfuko mtupu hawezi kuuvuka mlima huo ila kwa kukopa, na akikopa hulazimika kupika yale yanayolipa deni, si yale anayoyajua. Walakini katika mji ule ule yamo majiko mengi yaliyolala. Jiko la mkahawa hulipiwa kodi saa 24 za kila siku, nalo hupikiwa saa chache tu. Na ule mkahawa usio na bahati hulipia hata saa za moto wake kuwaka bure. Mkahawa wa zamu umejengwa juu ya usingizi huo wa majiko ya wengine. Mwenye jiko hupata kitu mahali pa patupu, na mpishi hupata moto pasipo deni.

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, na kwa hakika jiko la kuazima lina fedheha zake. Jiko la Kichina limetengenezwa kwa ajili ya karai: moto wake ni wa gesi yenye nguvu, hunguruma kama upepo katika pango, na humfaa mtu anayekaanga chakula kwa dakika moja huku mkono wake haukomi kurusha. Mpishi aliyefunzwa upishi wa mchuzi, nakusudia ule mchuzi wa Kifaransa unaotaka kubembelezwa juu ya moto usioonekana, akiingia hapo hana budi kujifunza upya, na kujifunza kwenyewe ni jioni ile ile, wageni wamekwisha kaa.

Sisi watu wa pwani hatuna sababu ya kulistaajabia sana jambo hili, kwani tangu zamani tunaye mpishi wa shughuli. Mpishi huyo hana duka wala kibao. Ana mwiko wake, vijana wake wawili watatu wa kuchochea kuni, na sifa iliyomtangulia mitaani. Leo yuko kwenye arusi, kesho kwenye hitima, keshokutwa maulidi, na kila anapokwenda sufuria ni za kukodi, uani si kwake na mafiga yametegwa asubuhi ile. Mtazame alfajiri amesimama juu ya sufuria ya pilau ya watu mia mbili: amekwisha palia makaa juu ya mfuniko, moto wa chini ameupunguza, na sasa hafanyi kitu ila kutega sikio. Hatazami saa. Maji yakiwa bado yamo, mchele hutokota. Yakikauka, sauti hugeuka ikawa mchakacho mdogo mkavu, na hapo huinua mkono, vijana wakavuta kuni zote kwa mara moja. Akichelewa kidogo, ukoko. Akiwahi, mchele una kiini.

Tofauti ya huyu na wale wa San Francisco ni mbili, nazo si ndogo. Kwetu hulipa mwenye shughuli, na mlaji hula bure. Na kwa sababu hiyo sifa pia humwendea aliyelipa, ikasemwa kwamba fulani katulisha, pasiwe na amwulizaye mpishi jina lake, isipokuwa mama mmoja wawili wenye binti wa kuozwa mwezi ujao. Katika mkahawa wa zamu hulipa mlaji, na anachokilipia, pamoja na chakula, ni kulijua jina la aliyekipika.

Na huko kulipa nako kumegeuzwa. Mjini Chicago, mwaka 2011, mpishi Grant Achatz na mshirika wake Nick Kokonas walifungua mkahawa ulioitwa Next, ambao jengo lake halihami lakini mapishi yake huhama mara kadhaa kwa mwaka: walianza na Paris ya mwaka 1906, zama za bingwa Escoffier, kisha wakaenda Thailand, kisha kwenye vyakula vya utotoni. Kiti hapo hakikuwekwa kwa simu na ahadi. Kilinunuliwa kwa tiketi, kama kiti cha tamthilia, fedha ikatangulia na mlaji akafuata. Asiyetokea, hasara ni yake. Mimi naona humo ndimo ilimo siri ya biashara hii yote: mpishi wa zamu, ambaye hana akiba ya kununulia hata samaki wa jioni ile, hununua samaki kwa fedha ya wale watakaomla, akajua idadi yao kwa yakini, asitupe kitu.

Lakini kila chombo kizuri hupata wa kukipandisha bei. Mkahawa wa Noma wa Copenhagen, wake René Redzepi, ulihamia Tokyo na watu wake mwanzoni mwa mwaka 2015, ukawapa walaji kamba waliopambwa kwa sisimizi wa msituni. Mwaka 2017 ukahamia Tulum, Mexico, kwa majuma saba, na kila mlaji akatozwa dola 600, kodi mbali. Viti vilikwisha upesi. Sina ugomvi na sisimizi, maana wapo kwetu bara walao kumbikumbi kwa furaha kubwa. Illa mkahawa uliobuniwa ili kumwondolea mpishi maskini mzigo wa pango, ukiwa sasa ni safari ya matajiri wanaopanda ndege kwa ajili ya chajio kimoja, umeacha njia yake.

Liko pia suala la jina ndani ya kundi. Wapo wapishi wanaolificha jina la mmoja katika la wote, kama jamaa wa Bronx, New York, waliojikusanya mwaka 2012 wakajiita Ghetto Gastro, wakajijengea sifa kwa karamu na maonyesho kabla ya kuwa na mlango wa mkahawa. Na wapo waliolichezea jina kwa makusudi: mwezi wa Julai mwaka 2015 wapishi 37 wa nchi mbalimbali walibadilishana mikahawa kwa usiku mmoja, kila mmoja akaingia katika jiko la mwenzake, na walaji walikuwa wamenunua viti vyao pasipo kujua ni nani atakayetokea.

Miongoni mwa wapishi waliopita katika jiko la Lung Shan alikuwamo Danny Bowien, mzaliwa wa Korea aliyelelewa Oklahoma, ambaye mwaka 2008 alishinda mashindano ya dunia ya kutwanga pesto, rojo la majani ya mrehani, huko Genoa kwa Waitalia wenyewe. Upishi wa Kichina hakuwa ameusomea. Mwaka 2010, zamu za Mission Street Food zilipokoma, yeye na Myint walibaki katika jiko lile lile wakafungua Mission Chinese Food, mapishi makali ya Sichuan yaliyopindwa kwa namna yao, na katika kila chakula kikubwa senti 75 zilitengwa kwa ajili ya ghala la chakula cha wahitaji. Miaka miwili baadaye walifungua tawi New York, na mwaka 2013 Bowien akatunukiwa tuzo ya James Beard ya wapishi chipukizi.

Hivyo waazimaji hawakulirudisha jiko, wala wenyewe hawakulidai, kwa kuwa sasa viti vilikuwa havitoshi. Kibao cha nje tu ndicho kilichoachwa kama kilivyokuwa. Mgeni aliyeusoma mkahawa huo magazetini, akafunga safari kuutafuta, alifika barabara ya Mission akaukuta mlango ulioandikwa Lung Shan, akaupita, akarudi, akaupita tena, mpaka alipoiona foleni ya watu.