Sura ya Saba: Kinga Inayokaa Sikioni Siku Nzima

Panda kilima cha Gisozi, jijini Kigali, siku ya kazi, nawe utalisikia Agakiriro, eneo la karakana za mafundi, kabla ya kuliona. Katika karakana zilizobanana, maseremala wanapasua mbao kwa misumeno ya umeme na kuzipiga randa kwa mashine. Hatua chache mbele, mafundi wa vyuma wanakata mabomba kwa grenda ili waunde mageti, vitanda na fremu za madirisha. Mlio wa grenda hufika desibeli 100 bila taabu. Fundi anayechomelea huficha uso nyuma ya barakoa, kwa kuwa mwanga mkali wa kuchomelea ukimwingia machoni atalia usiku huohuo. Sikio halina kilio cha namna hiyo. Huumia taratibu, bila damu wala maumivu, na mwenyewe hutambua pale watu wa nyumbani wanapoanza kumlalamikia kwamba haitiki anapoitwa.

Sura hii inahusu usanifu wa vifaa vya kulinda masikio ya watu kama hawa. Jambo moja litaongoza hesabu na maumbo yote yatakayofuata: kinga ya sikio hupimwa kwa muda inaokaa sikioni. Msanifu anayesahau hilo anaweza kutengeneza kitu chenye sifa nyingi maabara na kisicho na faida karakanani.

Sikio linavyoumia

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Hupita katika mfereji wa sikio wenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, hutikisa kiwambo, na mifupa mitatu midogo huusukuma mtikisiko huo hadi ndani ya koklea, kiungo kilichojikunja chenye majimaji. Humo kuna seli zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio, na hizo ndizo huugeuza mtikisiko kuwa ishara ya neva. Kwa binadamu, seli iliyokufa haioti tena.

Mfereji wa sikio, kwa umbo na urefu wake, hukuza zaidi sauti za masafa ya karibu na hezi 3,000. Ndiyo sababu kelele za kazini huanza kula usikivu karibu na hezi 4,000, eneo linalobeba konsonanti nyepesi kama s, f, t na k. Mtu aliyepoteza eneo hilo husikia kwamba unazungumza, ila hashiki unachosema. Irabu zinamfikia na konsonanti zinapotea njiani.

Baya zaidi ni kwamba dalili za mwanzo hudanganya. Jioni baada ya kelele nyingi, masikio huwa mazito na huenda yakawa na mlio, kisha asubuhi mambo hurudi kama kawaida, na fundi husema amepona. Mwaka 2009, Sharon Kujawa na Charles Liberman, watafiti wa Boston, walionyesha kwamba kwa panya wa maabara hali si hiyo. Baada ya kelele, vipimo vya usikivu vilirudi vizuri, lakini viungio kati ya seli na neva vilikuwa vimekufa kwa wingi na havikurudi. Kwa hiyo msanifu hawezi kusubiri malalamiko ya mtumiaji ndipo ajue kama kinga yake imeshindwa.

Hesabu ya dakika thelathini

Desibeli hazijumlishwi kama kilo za mchele. Kila zinapoongezeka 3, nishati ya sauti huwa maradufu. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilithibitisha mwaka 1998 kikomo kinachopendekezwa cha desibeli 85 kwa saa 8. Kutoka hapo, kila nyongeza ya desibeli 3 hupunguza muda kwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1, 97 kwa dakika 30, na 100 kwa dakika 15. Fundi wa grenda asiye na kinga humaliza sehemu yake ya siku kabla chai haijapoa.

Sasa tumpe kinga inayopunguza desibeli 30. Ni kinga kubwa: nishati inayopenya ni sehemu moja tu katika 1,000. Fundi anafanya kazi saa 8 katika kelele ileile, lakini anaivua mara kwa mara. Dakika chache apatane bei na mteja, dakika chache apokee simu, nyingine amsikilize mwenzake anayesoma vipimo vya geti. Kwa jumla zinafika dakika 30, yaani sehemu moja ya kumi na sita ya siku yake ya kazi. Katika dakika hizo anapokea nishati yote bila pazia. Ukikokotoa siku nzima, masikio yake yamepokea karibu sehemu moja ya kumi na sita ya nishati ambayo yangeipokea pasipo kinga. Punguzo hilo ni desibeli 12.

Jirani yake ana kinga ya kawaida, ya desibeli 15 tu, ila hakuivua hata mara moja. Jioni jirani huyo ndiye aliyelindwa zaidi. Nusu saa imemnyang'anya wa kwanza desibeli 18, na hakuna sponji wala plastiki inayoweza kuzirudisha. Kwa msanifu, hesabu hii inageuza swali la kazi yake. Ajiulize kwanza ni nini kinachomfanya mtu aivue kinga, kisha akiondoe kimoja baada ya kingine.

Namna ya kuziba

Kuna njia mbili kuu: kizibo kinachoingia ndani ya mfereji, na kifuniko kinacholifunika sikio lote.

Watu wameziba masikio kwa nta tangu kale. Mwaka 1907, Max Negwer wa Ujerumani alianzisha biashara ya vizibo vya nta na pamba, akaviita Ohropax. Mapinduzi yalikuja miaka ya 1960 nchini Marekani, pale Ross Gardner na wenzake walipopata sponji inayobinywa ikawa nyembamba, kisha ikarudi taratibu hadi kujaza mfereji. Uzuri wake uko kwenye huo utaratibu wa kurudi. Mtumiaji hupata nafasi ya kuiingiza, nayo hujipa umbo la sikio la mwenyewe, maana mifereji haifanani baina ya mtu na mtu, na mara nyingine hata kushoto na kulia kwa mtu mmoja.

Lakini sponji inadai ustadi. Inasokotwa iwe nyembamba bila mikunjo, mkono wa pili unapita juu ya kichwa kulivuta sikio juu na nyuma ili mfereji unyooke, kizibo kinaingizwa ndani kabisa, kisha kinashikiliwa hadi kipanuke. Kikiishia mlangoni huwa pambo. Kwa sababu hiyo NIOSH ilishauri namba ya punguzo la desibeli iliyoandikwa kwenye pakiti ipunguzwe kabla ya kuaminiwa: kwa robo kama ni kifuniko, kwa nusu kama ni kizibo cha sponji, na kwa asilimia 70 kwa aina nyingine za vizibo. Namba ya pakiti ilitoka kwa watu walioelekezwa maabara. Mwanafunzi wa ufundi aliyepewa kizibo bila maelezo hawezi kuifikia.

Kifuniko cha nje hufuata kanuni nyingine. Kikombe kizito hutikisika kidogo, na hewa nyingi ndani yake husaidia kuzuia sauti nzito. Mto wa pembeni ndio unaofunga njia zote za hewa. Hapo ndipo penye udhaifu: mkono wa miwani, nywele zilizosukwa, mtandio au ukanda wa kofia ngumu ukipita chini ya mto, ufa mdogo hufunguka, na sauti nzito huingia kwa kishindo. Ukaze sana upinde wa kichwani ili kuuziba ufa huo, nacho kichwa kitauma kabla ya saa sita mchana.

Hata ungeziba kikamilifu, mwili una njia yake. Sauti hupita katika fuvu hadi koklea, kwa hiyo ulinzi wowote wa masikio peke yake hugota kwenye desibeli 40 hadi 50 hivi. Kuvaa kizibo na kifuniko kwa pamoja hakujumlishi namba zao. Kwa kawaida huongeza desibeli 5 hadi 10 tu juu ya kile kilicho bora.

Kulinda bila kumtenga mtu

Kinga nyingi huzuia sauti nyembamba zaidi kuliko nzito, nazo konsonanti ziko huko kwenye wembamba. Karakanani, "kata" na "kaza" ni amri mbili zinazotofautiana kwa konsonanti moja tu. Fundi asiyeweza kuzitenganisha atavua kinga, na atakuwa na haki. Anahitaji pia kuisikia mashine yake. Blade butu, beringi inayokufa, diski inayotaka kupasuka, zote hutoa sauti zake mapema.

Ndiyo maana mwongozo wa Ulaya, EN 458, unataka sauti inayofika sikioni ibaki kati ya desibeli 75 na 80, na unahesabu chini ya 70 kuwa ulinzi uliopita kiasi. Kwa grenda ya desibeli 100, punguzo la kweli la desibeli 20 hadi 25 linatosha. Kuongeza zaidi ni kumtenga mtu na kazi yake.

Wanamuziki walilijua tatizo hili mapema. Mwaka 1988 kampuni ya Mead Killion, Etymotic Research, ilitoa kizibo kiitwacho ER-15. Ndani yake mna kitundu, chumba kidogo cha hewa na utando, vilivyopangwa ili kuiga ukuzaji wa asili wa mfereji wa sikio. Matokeo yake ni kwamba sauti zote, nzito na nyembamba, hushuka kwa desibeli 15 hivi, na muziki hubaki muziki ila kwa sauti ya chini. Kigali inakihitaji kizibo cha aina hiyo. Kuna wapiga ngoma, kuna kwaya zinazoimba mbele ya spika kubwa, na kuna wahandisi wa sauti katika BK Arena, ukumbi wa watu 10,000 uliofunguliwa mwaka 2019. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kiwango kwa kumbi kama hizo: wastani usiozidi desibeli 100 kwa kila dakika 15.

Wanajeshi walihitaji kingine, kinachoruhusu maongezi na kuzuia mlio wa risasi. Taasisi ya utafiti ya Ufaransa na Ujerumani huko Saint-Louis ilitumia tundu dogo sana. Sauti ya kawaida hulipita kirahisi, ila shinikizo la mlipuko hufanya hewa ivurugike tunduni na kujizuia yenyewe. Wazo lilikuwa bora. Hata hivyo, kizibo kimoja cha Marekani kilichotumia teknolojia hiyo kiliishia mahakamani. Maelfu kwa maelfu ya askari walidai kwamba shina lake lilikuwa fupi mno kwa masikio ya wengine, kikalegea bila mvaaji kutambua. Kampuni ya 3M, bila kukiri kosa, ilikubali mwaka 2023 kulipa takriban dola bilioni 6. Mzozo mzima ulihusu milimita chache.

Kuna pia hedifoni zinazopambana na sauti kwa kutoa wimbi lililo kinyume chake. Wazo hili Paul Lueg alilipatia hataza nchini Marekani mwaka 1936, na miaka ya 1980 likaingia kwenye vyumba vya marubani. Hufanya kazi vizuri kwa mngurumo mzito kama wa ndege. Kwa mlio mkali wa grenda, kinachomlinda mtu bado ni kule kuziba.

Kuanzia karakana ya Gisozi

Tuseme basi kikundi cha vijana, kwa mashine za kuchapia umbo kama zilizoko katika karakana ya ubunifu ya FabLab Rwanda, kinataka kumsanifia fundi wa Gisozi kinga. Karakana yenyewe inawapa masharti. Mikono ya fundi ina grisi, vanishi na chembe za chuma, kwa hiyo sponji ya kusokotwa kwa vidole itapeleka uchafu sikioni. Afadhali kizibo cha silikoni chenye shina la kushikia, kinachooshwa kwa sabuni na kuvaliwa tena. Barakoa ya kuchomelea inachukua nafasi ya kichwani, kwa hiyo upinde wa juu haufai. Uzi wa kuning'iniza vizibo shingoni unazuia visipotee, lakini karibu na mashine inayozunguka lazima uwe na kiungo kinachoachia kikivutwa. Ziwepo saizi kadhaa, na mtu aruhusiwe kuchukua tofauti kwa kila sikio. Kichujio kilenge punguzo la desibeli 20 hivi huku kikiacha maneno yapite.

Mzigo huu usiachwe kwa sikio peke yake. Diski yenye makali, msumeno uliofungwa imara na ukuta kati ya mashine na anayepiga vanishi hupunguza kelele kwa wote. Mji wenyewe umeonyesha njia: tangu Januari 2025, pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria Kigali ni za umeme, zisizo na kelele nyingi. Nayo sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na masharti yake ya afya na usalama yanawafikia hata walio katika sekta isiyo rasmi.

Jaribio la kwanza la kinga hiyo halihitaji maabara. Mvaaji asimame penye kelele isiyobadilika, akiwa amevaa vizibo, kisha ayafunike masikio kwa viganja, halafu aviondoe viganja hivyo. Sauti ikishuka sana anapofunika, vizibo havijakaa sawa. Jaribio la pili ni la siku nzima: kila fundi aandike kila alipovua, kwa dakika ngapi na kwa nini. Orodha ya sababu hizo ndiyo michoro ya toleo linalofuata. Waanze na wanagenzi, kwa kuwa seli zao bado ni nyingi na wana miaka mingi zaidi ya kazi mbele yao.