Je, Wajua? Bomba la Chuma Nalo Hupimwa Altrasaundi

Mnunuzi mzoefu wa vyungu hukigonga chungu kwa kidole kabla ya kutoa pesa. Kikilia vizuri ni kizima. Kikitoa sauti iliyokufa, kina ufa. Mkaguzi wa mabomba ya kiwandani naye hugonga na kusikiliza, ila kwa sauti tusiyoweza kuisikia. Sikio la binadamu hukomea hertzi 20,000 hivi; kifaa chake kwa kawaida hupiga milioni 2 hadi 5.

Ni altrasaundi ileile ya kliniki ya wajawazito, hata jeli ipo. Mkaguzi hukwangua rangi iliyobabuka, hupaka jeli, kisha hukandamiza kichwa cha kifaa, kidogo kama kizibo cha soda. Jeli si urembo: hewa kidogo tu ikibaki katikati, karibu sauti yote hurudi bila kuingia kwenye chuma. Ikishaingia hukimbia mita 5,900 hivi kwa sekunde, hufika upande wa ndani wa bomba na kurudi kama mwangwi. Kifaa huzidisha muda kwa mwendo, hugawa kwa mbili, na kioo huonyesha 9.8. Kama bomba lilifungwa likiwa na milimita 10, kutu imekwisha kula 0.2. Namba huandikwa papo hapo kwa chaki, na mafuta yanaendelea kupita ndani.

Floyd Firestone wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alipata hataza ya kifaa cha kutafuta nyufa kwa mwangwi mwaka 1942. Vya leo hushikwa kiganjani, lakini bado vinataka mtu makini. Ukuta ukiwa mwembamba mno, kifaa huweza kudaka mwangwi wa pili na kusoma unene maradufu. Bomba bovu likaonekana zima!

Tena kifaa hujibu pale kilipoulizwa tu. Agosti 6, 2012, katika kiwanda cha kusafisha mafuta huko Richmond, California, bomba la inchi 8 lilipasuka na moto ukalipuka. Wakazi wapatao 15,000 walitafuta matibabu. Salfa ilikuwa imekila kipande kimoja chenye silikoni kidogo, kikapoteza asilimia 90 hivi ya unene wake karibu na pale kilipopasukia. Bomba hilo lilikuwa na vituo vya kupimia unene. Kwenye kipande kile hakikuwapo hata kimoja.