Vigaga vya Miguuni mwa Farasi

Masika yakishika katika nyanda za juu za Kenya, farasi hushinda malishoni kwenye matope, na jioni saisi huwaosha miguu kwa mpira wa maji hadi kwato zing'ae. Kisha huingizwa bandani wakichuruzika. Siku chache baadaye, kwenye ule mfinyo wa nyuma ya mguu, juu kidogo ya kwato, ngozi huwa nyekundu, hutoa majimaji, halafu hushika vigaga. Ukimgusa hapo, anavuta mguu. Wengi hulaumu matope. Mimi nalaumu zaidi yale maji ya jioni yasiyokaushwa.

Ngozi nzima na kavu haipenyeki kwa urahisi. Ikilowa kila siku hulainika na kuchubuka, na hapo bakteria huingia. Anayetajwa sana ni Dermatophilus congolensis, aliyeelezwa mara ya kwanza mwaka 1915 kutokana na ng'ombe wa Kongo. Unyevu ndio unaoamsha chembe zake, nazo huogelea hadi zipate ngozi iliyochubuka. Kigaga chake hubanduka pamoja na kishungi cha nywele, mfano wa brashi ya kupakia rangi, na chini yake mara nyingi pana usaha.

Anza kwa kunyoa nywele za hapo. Osha kwa maji ya uvuguvugu na dawa ya klorheksidini ya asilimia 2 hadi 4, iache dakika 10, suuza, kisha kausha kwa taulo safi kwa kubonyeza, bila kusugua. Vigaga vilainike kwanza, vilivyolegea ndivyo viondolewe. Kuving'oa vikiwa vikavu ni kumtesa mnyama bure na kufungua kidonda upya. Vaa glavu, maana binadamu pia huambukizwa, na vigaga vilivyotoka vichomwe moto. Mafuta mazito juu ya ngozi yenye maji hufungia unyevu ndani, tafadhali yaache. Farasi alale juu ya maranda makavu, na matope ya mguuni yaachwe yakauke ndipo yapigwe brashi.

Mguu ukivimba kuelekea juu, ukawa na joto, au farasi akichechemea, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi tena.

Si kila kigaga ni cha bakteria, na hapa ndipo watu hupoteza miezi wakibadilisha krimu. Farasi wazito wenye manyoya marefu miguuni, kama Shire na Clydesdale, hupata utitiri wa Chorioptes: hukanyagakanyaga na kujikuna bila kutulia. Ivermektini ya kumeza mara nyingi haiwamalizi utitiri hao, kwa kuwa wanaishi juu ya ngozi. Na kama ni miguu myeupe tu iliyoungua, ile mingine ikabaki salama, shuku jua, kisha omba damu ipimwe kuona hali ya ini.