Rangi za Tumbo la Nyoka (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilimhusu nyoka wa bahari, yule mweusi mgongoni na manjano tumboni, ambaye mawimbi humtupa ufuoni katika pwani yetu yote ya Afrika Mashariki. Manjano yake ni alama ya kudumu. Mvuvi wa visiwa vya Chula au Koyama akimkuta wavuni hana haja ya kuchunguza zaidi: ana sumu kali, asishikwe kwa mkono. Leo tuhamie nchi kavu, kwa nyoka ambaye tumbo lake hubadilika rangi mara kwa mara, na mabadiliko hayo yana maana.

Ni nyoka mfupi, mnene, mwenye mkia butu. Hujifukia mchangani, akabakiza macho tu juu, akimvizia panya. Hana sumu, humkaba windo lake kama chatu afanyavyo, na badala ya kutaga mayai huzaa watoto walio hai. Mwanasayansi Linnaeus alimwandika mwaka 1758, na wataalamu leo humwita Eryx colubrinus. Anapatikana tangu Misri na Niger hadi Somalia, Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Huku kwetu kufuga nyoka si desturi, lakini Ulaya na Marekani anazalishwa kwa wingi ndani ya masanduku ya kioo, na wafugaji humwita boa wa mchanga wa Kenya. Naona jina hilo linaidhulumu Somalia, maana mchanga wake nao ni makao yake ya asili. Biashara yake kati ya nchi na nchi inahitaji kibali chini ya mkataba wa CITES.

Mgongo wake ni wa rangi ya machungwa au manjano yenye mabaka ya kahawia. Tumbo ni jeupe, na kwa sababu ya weupe huo kila badiliko huonekana upesi. Mfugaji akimgeuza siku moja atakuta tumbo limekuwa la waridi, kuanzia karibu na koo hadi mkiani. Mara nyingi hapo nyoka anajiandaa kujivua gamba. Ngozi mpya imeshaota chini ya ile kuukuu, na kati ya hizo mbili kumeingia majimaji yanayozitenganisha. Magamba ya tumboni hayana rangi nyingi ya kuficha kilicho chini yake, ndiyo maana wekundu wa damu hujitokeza. Baada ya siku chache macho hupata ukungu wa buluu kama maziwa yaliyochanganywa na maji, kwa kuwa jicho la nyoka halina kope. Limefunikwa na gamba angavu ambalo nalo hubanduka. Kisha macho hung'aa tena, na siku chache baadaye gamba hutoka, likianzia mdomoni, likipinduka ndani nje. Tumbo hurudi jeupe.

Katika siku hizo nyoka haoni vizuri na huwa mwepesi wa kuuma. Asishikwe, wala asilazimishwe kula. Na nasisitiza hili kwa sababu madhara yake ni makubwa: kipande cha gamba kikibaki juu ya jicho, kisibanduliwe kwa kucha wala kibano. Awekewe pembe moja ya sanduku yenye unyevunyevu ajisugue mwenyewe.

Wekundu wa maradhi una sura nyingine. Hauenei sawasawa, huja kwa vidoadoa au michirizi kati ya magamba, macho yakiwa maangavu, na hauondoki gamba linapotoka. Vidoadoa vya namna hiyo vyaweza kuwa dalili ya vijidudu vilivyoingia kwenye damu. Malengelenge, au magamba yaliyogeuka kahawia na kulainika, mara nyingi hutokana na kulalia mchanga uliolowa na mchafu. Nyoka huyu ni wa mchanga mkavu. Sanduku lake likilowa lote, tumbo ndilo linaloumia kwanza. Jiwe la umeme la kupashia joto nalo humuunguza, na yeye huendelea kulilalia asihisi mapema kwamba anaungua.

Kwa hiyo mfugaji atazame macho kwanza, kisha tumbo, na aandike tarehe. Vidoa vikizidi kuongezeka, au nyoka akipumua kwa kinywa wazi, asingojee gamba litoke. Ampeleke siku hiyohiyo kwa daktari wa mifugo anayewajua nyoka.