Saa ya Kufungua Baa

Bia si haramu kwa sheria za Kenya. Kodi yake inalipwa na leseni zake zinatolewa na serikali. Lakini mtu mzima mwenye pesa zake akiketi baa saa sita mchana siku ya Jumanne, mwenye baa akimhudumia amevunja sheria. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliweka mauzo ya baa kati ya saa kumi na moja jioni na saa tano usiku siku za kazi. Wikendi na sikukuu, baa huanza kuuza saa nane mchana.

Kwa haki gani?

Swali hili limewagawa wanafalsafa kwa miaka mingi. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859, aliwapinga Waingereza waliotaka kuiga jimbo la Maine, Marekani, lililopiga marufuku pombe mwaka 1851. Kwake yeye, dola humlazimisha mtu ili kuzuia madhara kwa wengine, basi. John Rawls naye alishikilia kuwa raia wana imani nyingi zinazopingana, hivyo dola isitumie nguvu zake kusimika mtindo mmoja wa maisha mema.

Joseph Raz aliwajibu mwaka 1986. Uhuru una thamani mtu anapokuwa na mambo yenye maana ya kuchagua, na ni kazi ya dola kuyawezesha: maktaba, viwanja, sanaa. Hata hivyo Raz mwenyewe alikataa viboko. Dola ivutie watu kwenye mema. Kulazimisha kubaki kwa ajili ya kuzuia madhara.

Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya sheria ya Kenya inasimama imara. Kumkataza muuzaji kumpa pombe mtoto wa chini ya miaka 18 hakuhitaji dini wala falsafa ya mtu yeyote. Kudhibiti ubora nako ni hivyo hivyo: Mei 2014, pombe yenye sumu iliua makumi ya watu Embu, Kiambu na kwingineko, na baadhi ya walionusurika wakapofuka. Tena sheria hiyohiyo ilifuta marufuku ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ikaitaka itengenezwe kwa viwango na kutiwa kwenye chupa za kioo. Huo ni usawa wa kweli. Mnywaji wa chang'aa hakustahili kuitwa mhalifu huku wa wiski akiitwa mheshimiwa.

Saa za baa ndizo zenye utata. Watetezi wake hutaja vijana wanaoshinda wamelewa badala ya kwenda kazini, na uchungu wa mama zao ni wa kweli. Lakini kumtaka mtu awe mchapakazi ni kumchagulia maisha, na Kifungu cha 24 cha Katiba kinadai kila kizuizi cha haki kiwe na sababu inayokubalika katika jamii huru. Wabunge watakaporudi kuijadili sheria hii, waanze kwa kuwaeleza wananchi ni madhara gani kwa wengine yanayotokea baa saa nane mchana Jumanne, ambayo hayatokei saa hiyo hiyo Jumamosi.